Miguu Mbele

Sijawahi kumwamini mtu anayesema njia haipitiki. Kwa miaka kumi na minane nilisukuma baiskeli kati ya Butembo na Mangurejipa, nikienda na chumvi na sabuni, nikirudi na mafuta ya mawese, katikati ya msitu, kwenye matope ya kufika magotini, na kila safari kulikuwa na mtu amekaa kwenye gogo kando ya njia akinitangazia kwamba mbele hakupitiki. Nilipita. Yeye labda bado amekaa. Kwa hiyo mwaka huu, dereva wa kwanza aliponiambia kwamba juu ya Masereka hakuna gari linalofika, na wa pili akasema hivyo hivyo, na wa tatu akacheka, sikuvunjika moyo hata kidogo. Nilikasirika tu. Kukasirika ni jambo ninaloliweza. Mke wangu Tamar ni shahidi.

Niliyetaka kumpeleka huko ni mama yangu, Kanyere Berthe, mwenye miaka themanini na mmoja ikiwa padri aliyeandika cheti chake cha ubatizo hakukosea. Nilitaka afike kwake mlimani akiwa hai, na nilitaka apone akiwa huko. Hilo la pili sikulisema kwa mtu, maana kwangu lilikuwa wazi mno. Mtu mgonjwa anarudishwa kwake ili iwe nini kingine?

Mama alikuwa akiishi Beni, katika komini ya Mulekera, kwa dada yangu Kavugho, tangu mwaka ule watu wa kilima chake walipokimbia risasi. Wengi walisharudi. Yeye alibaki kulea wajukuu, na kila mwezi alisema ataenda mwezi ujao. Mwezi wa pili mwaka huu aliteleza katika shamba dogo la mihogo nyuma ya nyumba ya Kavugho, mfupa wa nyonga ukavunjika. Nilipofika hospitali nilimkuta amekuwa mdogo kuliko nilivyomwacha Noeli, mikono yake imelala juu ya blanketi bila kazi. Sikuwahi kuiona mikono ile bila kazi. Ilinitisha kuliko nyonga.

Daktari alikuwa binti wa Kasai aitwaye Audrey, aliyetumwa na serikali kuja kufanya kazi kwetu, na Kiswahili chake alikuwa amejifunza kwa wagonjwa. Alitukalisha mimi na Kavugho kwenye benchi nje ya chumba. Alieleza habari ya mfupa, habari ya umri, habari ya moyo uliochoka usioweza kuvumilia kisu.

"Papa Edmond, huku hatuna tena kitu ya kumufanyia," alisema. "Yeye anasemaka tu juu ya kilima yake. Mumurudishe kwake. Mais hapana na moto, pikipiki hapana. Ile nyonga haiwezi kukunjwa, na haipendi kutikiswa."

Mimi nilisikia neno kilima. Nilisikia hewa baridi ya asubuhi, viazi vyake, maharagwe yake, majirani wakimsalimia kwa Kinande mlangoni. Nilikuwa nimeona watu waliokonda mjini wakaenda juu kule wakanenepa tena. Kavugho alisikia jambo jingine, akaanza kulia pale pale, nami nikamwambia mbele ya daktari aache kumlilia mtu ambaye bado anakula. Daktari Audrey alinitazama kwa muda. Nilidhani ananipima kama nina nguvu za safari, nikamwambia asiwe na wasiwasi, njia ile naijua.

Beni hadi Butembo haikuwa shida. Tulimlaza mama kwenye godoro nyuma ya gari la mtu wa parokia, Kavugho akabaki na watoto wake kwanza. Kizuizini askari alichungulia, akamwona bibi amelala, akatupungia mkono tupite bila kuuliza karatasi. Tulipoingia Butembo mama aliuliza kitu kimoja tu, kama tunaenda mlimani siku hiyo hiyo. Nilimwambia bado, kwanza natengeneza njia ya kumfikisha. Akasema sawa, atangoja. Tukampa chumba chenye dirisha linalotazama uwanja wetu wa nyuma, ambako ndiko karakana yangu ya baiskeli ilipo. Kila nilichofanya wiki zile, alikiona.

Nieleze njia yenyewe. Kutoka Butembo ni kama kilomita sabini ukifuata vijia vya mlimani, siku tatu. Barabara ya magari ipo hadi mahali fulani, kisha mvua za mwezi wa nne zilichukua daraja la magogo na kuangusha nusu ya kilima juu ya barabara, na tangu hapo wanapita watu wa miguu, mbuzi, na baiskeli za wale wanaoshusha viazi. Moto ilikuwa imekatazwa. Zamani mgonjwa wa huko alibebwa kwa kipoyi, machela ya miti miwili na kamba, vijana wanane wa ukoo wakipokezana wanne wanne. Lakini vijana wanane wa ukoo wetu utawapata wapi leo? Nilijaribu kuwahesabu, nikaishia watatu, na mmoja wao ana goti bovu. Wengine wako kwenye moto zao mjini, au wamekimbilia Uganda, au wako chini ya ardhi.

Basi iwe remorki. Kigari cha kufungwa nyuma ya baiskeli, kama vile vya kubebea matofali, ila hiki kingebeba mama yangu.

Nilimwita Zacharie. Zacharie ni mwenzangu wa njia ya Mangurejipa. Tumelala pamoja chini ya majani ya ndizi usiku wa mvua zisizohesabika, na sijawahi kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo. Siku hizi anauza majembe sokoni. Nilimweleza kwamba tutahitaji remorki mbili. Yangu ya mama, yake ya godoro la akiba, sufuria, maji, unga, dawa, pampu, na mipira ya kuzibia. Aliuliza tunaondoka lini. Nikasema itakapokuwa tayari. Akavua koti akaanza kunyoosha mabomba.

Nilitengeneza kitu kizuri, nalisema bila haya. Nilichomelea fremu ya mabomba, nikaifungia magurudumu mawili ya inchi ishirini na nane, nikachukua springi za moto iliyokufa kwa jirani nikaziweka chini ya kitanda. Kiungo cha kushika baiskeli nilikikata kwenye tairi la lori, maana chuma kwa chuma kingepiga kelele na kumtikisa. Kwa kuwa nyonga haikunjwi, alihitaji kulala nusu, mgongo umeinuliwa, miguu imenyooka. Nilifikiri sana mgongo uwe upande gani. Nikauweka nyuma, na miguu kwangu. Hivyo kichwa chake kingekuwa mbali na matope yanayorushwa na gurudumu langu, kwenye mpando angeegemea vizuri bila kuteleza, na mimi nikigeuza shingo ningemwona usoni. Niliridhika mno na akili yangu. Nikafunga kiti kwa boliti nne.

Zacharie alikuja asubuhi iliyofuata, akaizunguka ile remorki mara mbili.

"Njo vile umekata shauri?" aliuliza.

Nikamwambia njo vile, ndivyo hivyo. Akauliza tena, polepole, akiweka kiganja mahali ambapo miguu ya mama ingekaa, na mimi nikajibu kwa ukali kwamba nimefikiri siku nne, sifanyi mambo yangu ovyo. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akanipa mkono, jambo ambalo hatulifanyi, tunaonana kila siku. Nilidhani anasifu uchomeleaji.

Watu wa baiskeli tuna desturi yetu. Mzigo mpya hauingii njiani siku ya kwanza, kwanza unauzungusha. Unaupandisha mlima ulio karibu na kuushusha, siku baada ya siku, hadi ujue unavutia wapi na unalalamika wapi. Hospitali walikuwa wameandika kwamba mama amebaki na kilo arobaini na moja. Nilijaza gunia maharagwe na viazi hadi mzani ukasema arobaini na moja, nikalifunga kitini, na mahali pa nyonga nikaweka mayai sita ndani ya kitambaa. Kila asubuhi mimi na Zacharie tulipanda nalo mteremko wa nyuma ya mtaa, palipochimbika kweli kweli. Siku ya kwanza mayai yote sita yalivunjika. Niliongeza springi. Siku ya tano yakapona mawili. Nililegeza kiungo, nikapunguza upepo wa magurudumu, nikamfundisha Zacharie kukanyaga kijiti cha breki kwenye kushuka bila kushtua. Wiki ya tatu yalipona matano, na la sita lilikuwa na ufa tu. Tamar alipika yaliyovunjika kila siku hadi watu wa nyumbani wakaniomba niendeshe vizuri au nitumie nyanya.

Majirani walianza kuja kutazama. Nilizoea kwamba watu wakija karakanani kwangu huwa wanacheka, wanashauri, wanashika wasichokijua. Safari hii walisimama kimya. Wanaume walivua kofia. Mzee Salomon, katekista wetu, alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema watoto wenye moyo kama wangu ni wachache, wengi hawathubutu. Mwanamke mmoja wa ng'ambo ya barabara alimwambia Tamar apige moyo konde. Mimi nilijaa kifua. Nilisema moyoni kwamba hatimaye mtaa huu umejua kazi ni nini.

Na mama naye alikuwa akijiandaa. Hilo lilinifurahisha kuliko yote. Siku moja alimwita Tamar akagawa vitenge vyake, kimoja kwa Tamar, viwili kwa binti yetu Joyeuse, vingine viwekwe kwa Kavugho. Nikasema vizuri, anapunguza mzigo, anafikiri kama mtu wa njia. Akaomba aoshwe nywele na kusukwa. Akaomba padri aje, na padri akaja na mafuta matakatifu, wakakaa mlango umefungwa kwa nusu saa. Nikasema safari ndefu ni vyema kuianza na baraka. Akaanza kula tena kidogo, uji na samaki. Jioni alikaa dirishani akinitazama nikikaza boliti, uso wake umetulia kabisa. Nilikuwa nimemwona akiwa na hofu Beni. Sasa hofu ilikuwa imeondoka, na nilijipa sifa hiyo yote mwenyewe.

Siku ya mwisho kabla ya kuondoka ilikuwa Jumatatu. Kavugho alikuwa amefika kutoka Beni ili atembee pamoja nasi. Tulimtoa mama uwanjani akae juani tukipakia remorki ya Zacharie. Nikaleta nilichokuwa nimekificha hadi siku ile ili nimshangaze: kikapu cha mbegu za viazi, zile nyekundu anazozipenda, zimeshaanza kutoa macho, na jembe dogo jepesi ambalo Zacharie aliniuzia, na mpini wake nimeuchonga mwenyewe kwa kipimo cha mtu wa kukaa. Nikaviweka miguuni pake.

Alivitazama muda mrefu.

"Edmond," alisema, "hii jembe ni ya nani?"

Nikamwambia ni yake. Nikamwambia mvua za mwezi wa tisa zikija atakuwa ameshapata nguvu, atalima akiwa amekaa, kidogo kidogo, nyuma ya nyumba tu, na mimi nitapanda kumwona kila mwezi.

Mama alinitazama mimi, kisha akaitazama remorki, kisha mimi tena. Alikuwa na sura ya mtu aliyekuwa anasoma barua akagundua si yake.

"Unanibeba miguu mbele," alisema, "alafu unanipa jembe?"

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi kwa sababu hata mtoto analijua. Milimani mgonjwa hubebwa kichwa mbele. Anayebebwa miguu mbele ni maiti. Ukikutana na kipoyi njiani huhitaji kuuliza. Unatazama miguu iko upande gani, na kama iko mbele unatua mzigo wako, unavua kofia, unangoja ipite. Baba yangu mwenyewe nilimbeba hivyo, kwa bega la kushoto, na alama ya ule mti ilikaa kwenye ngozi yangu mwezi mzima. Nililijua jambo hilo kama ninavyojua jina langu. Lakini kwa miaka kumi na minane nilikuwa nimebeba chumvi na mafuta, na chumvi haina miguu. Nilifikiria matope, mpando, springi. Katika siku zote zile sikumfikiria mama kama mtu anayebebwa. Nilimfikiria kama kilo arobaini na moja.

Niligeuka kwa Zacharie nikamuuliza kama alijua. Nilimuuliza vibaya, kwa sauti ambayo watu wa barabarani waliisikia.

"Nilikuuliza mara mbili," alisema. "Ulisema njo vile."

Nikamgeukia Tamar. Naye macho yalikuwa yamemjaa. Alisema polepole, akiniita kwa jina la mtoto wetu kama anavyofanya anapotaka nisikilize. "Papa Joyeuse, tuliwaza umekubali. Sisi wote. Tulisema Mungu amekusaidia, umekubali."

Ndipo nilipoelewa kofia, na mikono miwili ya mzee Salomon, na vitenge, na padri. Mtaa mzima ulikuwa umesimama uwanjani kwangu wiki tatu ukimstahi mtu jasiri ambaye hakuwepo. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikachukua spana. Boliti nne, dakika kumi, ningegeuza kiti kile, kichwa mbele, kama inavyotakiwa kwa mtu anayeenda kupona. Nilipiga magoti kando ya remorki nikaanza na boliti ya kwanza, kwa pupa, hata spana ikateleza na kunichuna kidole.

"Acha," mama alisema.

Nikaendelea.

"Edmond. Acha, mwana yangu. Kuja hapa."

Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake. Kavugho alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake na safari hii yeye ndiye hakulia.

"Wiki tatu niko ku dirisha," mama alisema. "Siku ile uliweka kiti, niliona. Nilisema, mwana yangu ameona mambo. Kavugho analia, docteur anazungusha maneno, padri anasema tuombe. Weye peke yako njo uliniambia. Haukusema na kinywa, ulisema na chuma. Nilikushukuru. Nililala muzuri ile siku."

Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba jambo jema pekee nililomfanyia lilikuwa kosa. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba sikujua, kwamba mimi nilitaka apone, kwamba bado nataka. Nilimwambia nitageuza kiti sasa hivi na yote haya tuyasahau.

"Ukinigeuza nitaona nini?" aliuliza. "Nitaona Butembo inabaki nyuma. Miye sikuzaliwa mu Butembo. Nataka kuona kilima ikikuja."

"Batu banaweza sema nabeba maiti."

"Batu banasemaka tu." Alishika kidole changu kilichochunika akakitazama, kama alivyokuwa akitazama vidonda vyangu nilipokuwa mtoto, bila haraka. "Chuma imeshasema. Sasa weye useme. Na kinywa yako. Nisiende na mutu asiyejua kwenye tunaenda."

Nimesukuma kilo mia mbili kwenye mlima ambao watu wazima walikaa chini wakalia. Sijawahi kuinua kitu kizito kama maneno yale. Nilifungua kinywa mara mbili yakakataa. Hata Tamar alikuwa ameacha kukunja vitu. Hasira yangu, ambayo haijawahi kuniacha peke yangu, sikuiona popote.

"Mama," nilisema, "ninakupeleka ukufe kwako."

"Njo vile," alisema.

Nikalia. Sikulia kwa adabu. Nililia kichwa changu kikiwa magotini pake, na yeye alinipigapiga mgongoni kwa kiganja kama mtu anayengoja mtoto amalize. Nilipomaliza niliinuka, nikaikaza tena ile boliti niliyokuwa nimeilegeza. Nikachukua kikapu cha mbegu nikitaka kukirudisha ndani ya nyumba, pamoja na jembe.

"Viazi unapeleka wapi?" mama aliuliza.

Nikamwambia havina kazi tena.

"Beba. Batu ya kilio batakula nini?"

Tamar ndiye aliyeanza kucheka, akaziba mdomo kwa kitenge, kisha Kavugho, na mwishowe Zacharie, ambaye kicheko chake nilikuwa nimekisahau kinavyosikika. Tulipakia viazi. Jembe pia lilipakiwa. Hakuna aliyesema la kazi gani, na hakuna aliyeuliza.

Tuliondoka Jumanne kukiwa kumepambazuka, ukungu ukiwa bado umekaa mabondeni. Nilimbeba mama mikononi kutoka kitandani hadi kwenye remorki. Tamar alimfunika blanketi mbili, akamvika kitambaa cheupe kichwani, akamfunga mkanda wa kitambaa kifuani usiombana. Zacharie alikuwa nyuma na remorki yake, Kavugho akitembea kando. Nilikanyaga pedali taratibu kwenye tambarare, na springi zangu zikafanya kazi yao bila kulalamika.

Mwisho wa mji, pale barabara inapoanza kupanda na mtu anashuka kusukuma, tulianza kukutana na watu. Wa kwanza walikuwa vijana wawili wa moto. Waliona miguu mbele, chini ya blanketi, na kitambaa cheupe nyuma yake. Wakazima injini. Mmoja akavua kofia yake ya sufu akaibana kifuani. Mwanaume mwenye mzigo wa kuni aliutua kando ya njia akainamisha kichwa. Nilijua itakuwa hivyo. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Hata hivyo ilinichoma, nikatazama chini, nikasukuma.

Kisha nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mwavukire," mama alisema.

Alikuwa anasalimia. Habari za asubuhi, kwa Kinande, kwa vijana wale wawili. Mmoja wao alirudi hatua moja nyuma hadi akagonga moto yake. Mwingine alijibu kwa heshima, kofia bado iko kifuani, kwa kuwa salamu ya mama mzee haiachwi hewani. Akamsalimia mwenye kuni, naye akajibu akiwa ameinama. Mama aliendelea hivyo mpando wote, mtu kwa mtu, mkono wake umetoka nje ya blanketi, na kila aliyekuwa amevua kofia alibaki ameishika hajui airudishe au la.

Karibu na juu kulikuwa na wanawake watano wanaokwenda shamba. Walikuwa wameshatua majembe yao na kupiga magoti kwenye majani yenye umande, na mmoja wao, mwanamke mnene mwenye kikapu mgongoni, alikuwa ameanza kulia. Labda alikuwa na msiba wake mwenyewe. Kwetu siku hizi kila mtu anao. Mama aliniambia nisimame. Nikasimama, nikazuia baiskeli kwa kiuno, Zacharie akaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Mama alimuuliza yule mwanamke ni wa ukoo gani. Mwanamke alifuta macho kwa mkono wenye udongo, akainua uso, akamwona. Alijibu. Mama akamuuliza maharagwe yao yamefika wapi mwaka huu, kwa mvua hizi. Yule mwanamke akasema yameshatoa maua, upande wa bondeni hata yameanza kufunga maganda.

"Ni muzuri," mama alisema. "Edmond, twende."